Kumchagulia mgonjwa kituo cha utengamao baada ya hospitali

Habari ya ruhusa huja ghafla. Asubuhi daktari anapita wodini, anaangalia vipimo, anasema mgonjwa hana tena sababu ya kuendelea kulazwa, kesho au keshokutwa aondoke. Familia inafurahi, kisha inamtazama mgonjwa mwenyewe: hawezi kuketi bila kushikiliwa, hawezi kujipeleka chooni, akinywa maji anapaliwa. Hapo ndipo watu wanaanza kupiga simu huku na huko kutafuta kituo cha utengamao, yaani mahali pa kumrudishia mgonjwa uwezo wake kwa tiba na mazoezi, na kwa kuwa wamebakiwa na siku moja tu, wanachukua popote palipo na kitanda. Makosa mengi katika jambo hili huanzia hapo.

Inawezekana kuanza mapema. Mgonjwa wa kiharusi, aliyevunjika nyonga, aliyeumia uti wa mgongo, aliyekatwa mguu, au aliyelala muda mrefu katika chumba cha wagonjwa mahututi, karibu kila mara atahitaji utengamao wa namna fulani, na hilo linajulikana siku nyingi kabla ya ruhusa. Hali yake ikishatulia, muulize daktari mambo matatu. Anatarajiwa kufikia wapi: kutembea mwenyewe, kutembea na msaada, au kuhudumiwa kitandani? Mwili wake utastahimili mazoezi ya saa ngapi kwa siku? Na ni jambo gani likitokea linaweza kumrudisha hospitalini? Majibu hayo yanakuelekeza kwenye aina ya kituo kabla hujasikia jina la kituo chochote.

Kuharakisha kuna sababu yake. Mtu mzima wa umri mkubwa, hata akiwa hana ugonjwa, akilala kitandani siku 10 mfululizo anaweza kupoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Aliye mahututi hupoteza kwa kasi zaidi. Wiki mbili za "apumzike kwanza nyumbani, halafu tutaona" zina gharama ambayo italipwa kwa miezi ya mazoezi. Lakini haraka nayo ina mipaka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba walioanza kuinuliwa kitandani na kufanyishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 za mwanzo walikuwa na hali mbaya kidogo miezi mitatu baadaye kuliko walioanzishwa kwa mwendo wa kawaida. Kituo kinachojisifu kwamba kila mgonjwa huanza kwa nguvu zote siku ya kwanza kieleze kinafanya hivyo kwa nani na kwa nini.

Kiwango gani kinamfaa

Huduma zinatofautiana sana, hata pale ambapo vibao vya mlangoni vinafanana. Kuna utengamao wa nguvu wa kulazwa, ambao kipimo chake cha kawaida ni saa 3 za tiba kwa siku, siku 5 kwa wiki. Marekani, mpango wa bima wa Medicare hutumia kipimo hicho kwa vituo vya ngazi ya hospitali, na mwongozo wa Uingereza wa utengamao wa kiharusi uliotolewa upya mwaka 2023 unataka kiwango hicho hicho kwa mgonjwa anayekimudu. Kuna vituo vya uuguzi vyenye mazoezi ya polepole, pengine saa moja au pungufu kwa siku. Na kuna tiba ya kwenda na kurudi, au mtaalamu kuja nyumbani, ambayo kwa mtu aliyewekewa goti bandia na mwenye wasaidizi wa kutosha mara nyingi ndiyo chaguo bora kuliko kulazwa popote.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kiwango cha juu kinamfaa kila mtu. Mgonjwa dhaifu sana akiwekwa kwenye ratiba ya saa 3 hulala katikati ya mazoezi, hukataa kuinuka, na kwenye faili huandikwa kwamba haendelei. Neno hilo moja lina uzito kwa bima: likijirudia, malipo hukatwa. Huyo angeanza polepole, akapata nguvu, kisha akahamishiwa kwenye kiwango cha juu. Kinyume chake nacho kinaumiza: mtu wa miaka 45 mwenye kiharusi, mwenye nguvu za kutosha, anawekwa mahali pa mazoezi ya dakika 30 kwa siku kwa sababu tu hapo palikuwa na nafasi. Wiki za mwanzo ambazo ubongo hujipanga upya kwa kasi zinampita akiwa ameketi dirishani.

Karatasi za kuondoka nazo

Usikubali mgonjwa atoke wodini bila muhtasari wa matibabu ulioandikwa na orodha ya dawa. Orodha hiyo ionyeshe jina la dawa, kipimo, sababu ya kutumiwa, saa ya dozi ya mwisho aliyomeza, na tarehe ya kuacha kama ipo. Iseme pia dawa alizokuwa akitumia zamani ambazo zimesimamishwa. Kuhama kutoka hospitali kwenda kituoni ni mahali ambapo dawa hupotea au hujirudia mara mbili kwa majina tofauti. Mfano ni dawa ya kuzuia damu kuganda: baada ya kuwekewa nyonga bandia, baadhi ya wagonjwa hupewa hadi siku 35. Orodha ikikosa mstari huo, inasitishwa njiani bila mtu yeyote kuamua isitishwe.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa mfupa, lazima iandikwe anaruhusiwa kukanyagia mguu kwa kiasi gani: asikanyage kabisa, agusishe tu chini, akanyage kwa sehemu ya uzito, au akanyage atakavyo. Sentensi hiyo moja ikikosekana, mtaalamu wa fiziotherapia mwenye busara hatathubutu kumsimamisha, na siku zinapita watu wakimtafuta daktari mpasuaji kwa simu. Iandikwe pia miendo aliyokatazwa. Kwa nyonga bandia iliyowekwa kwa kupitia nyuma, wengi hukatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kupishanisha miguu na kuugeuzia mguu ndani. Wapasuaji wanatofautiana, kwa hiyo fuata karatasi ya aliyempasua, si ya jirani.

Kama ana mpira wa mkojo, uliza uliwekwa tarehe gani, kwa sababu gani, na nani ataamua utolewe lini. Mipira mingi hubaki kwa kusahauliwa, na kila siku ya ziada inaongeza nafasi ya maambukizi.

Siku ya kukagua

Nenda kituoni kabla ya kulipa chochote. Ikiwezekana nenda mara mbili, na mara ya pili usitoe taarifa. Jioni au mwisho wa wiki ndiyo saa nzuri. Ziara ya kupangiwa hukuonyesha mapokezi, bustani na chumba kilichotandikwa. Mimi napima kituo kwa zile saa 21 za siku ambazo mgonjwa hayuko kwenye mazoezi, kwa sababu humo ndimo anamopona au kuharibika: anavyogeuzwa, anavyonyweshwa, anavyoinuliwa kwenda chooni saa 8 usiku.

Fika saa 5 asubuhi, uangalie vyumbani. Wagonjwa wengi wakiwa bado wamelala na nguo za kulalia saa hiyo, umeshajibiwa mengi. Penye kazi nzuri utawakuta wamevaa nguo za mchana, viatu miguuni, wengi wao wakiwa kwenye viti au njiani kwenda mazoezini. Kuvaa nguo ni tiba pia, na mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemrudisha mtu kwenye shughuli za kila siku kama kuoga, kuvaa na kupika, huanza kazi yake pale pale kitandani asubuhi.

Kwenye ukumbi wa mazoezi tafuta vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea, ngazi za mazoezi, kitanda kipana cha chini, kioo kirefu, choo na jiko la kujifunzia. Angalia kama vina dalili ya kutumika. Kisha angalia watu wanafanya nini. Nina msimamo mkali hapa: mgonjwa aliyelala chini ya taa ya joto, au aliyeunganishwa na mashine ya umeme kwa nusu saa huku mtaalamu akiwa chumba kingine, hajapata nusu saa ya tiba. Mashine hizo zina nafasi yake, hasa kwenye maumivu, lakini kusimama kunarudi kwa kusimama mara nyingi, na mkono unarudi kwa kushika na kuachia vitu mara nyingi sana. Uliza pia kama saa wanayoitaja ni ya mtaalamu mmoja kwa mgonjwa mmoja, au ni saa ya watu sita wanaosubiri zamu.

Sogea karibu na kitanda cha mgonjwa wa kiharusi uangalie kengele ya kuita wauguzi imewekwa upande gani. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo mara nyingi humfanya mtu asitambue kabisa vitu vilivyo kushoto kwake. Kengele iliyoning'inizwa kushoto ni sawa na kutokuwa na kengele. Iibonyeze, kisha tazama saa yako. Watu wengi huanguka wakijaribu kwenda chooni peke yao baada ya kuita na kuchoka kusubiri.

Omba kuona mgonjwa akihamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Kazi hii inasema mengi kuliko vyeti ukutani. Inavyotakiwa: kiti kinasogezwa upande wake wenye nguvu, kwa pembe kidogo na kitanda, breki zote mbili zinafungwa, vikanyagio vinaondolewa njiani. Mgonjwa anasogezwa ukingoni, nyayo zote mbili chini, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Anaambiwa ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anainuka kwa hesabu, msaidizi akiwa ameshika mkanda maalumu kiunoni. Ukiona anavutwa kwa mkono uliopooza au kuinuliwa kwa kushikwa kwapani, jua bega lake liko hatarini. Misuli inayoshikilia bega hilo imelegea, na mvuto wa namna hiyo hulishusha kutoka mahali pake. Maumivu yake yanaweza kudumu miezi na kuzuia mazoezi yote ya mkono.

Uliza ratiba ya kuwageuza wasioweza kujigeuza. Kipimo kinachotumika sana ni kila saa 2 kitandani, na anayekaa kwenye kiti apunguze uzito wa makalio kila dakika 15 hadi 30. Pasiwe na maneno tu; kuwe na karatasi yenye saa na sahihi. Na uulize wanatambuaje kidonda cha mgandamizo kwenye ngozi nyeusi. Anayekujibu "tunaangalia wekundu" hajafundishwa vizuri, kwa sababu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Muuguzi anayejua atakwambia anagusa kwa mkono juu ya mfupa wa mkia, visigino na nyonga, akitafuta joto, ugumu, ulaini usio wa kawaida, maumivu, au ngozi iliyobadilika rangi kuliko ya pembeni yake.

Maswali yanayolingana na ugonjwa

Maswali ya jumla hupata majibu ya jumla. Chukua tatizo la mgonjwa wako, uliza jambo moja ambalo asiyelijua hataweza kulibahatisha.

Kwa kiharusi, uliza nani hupima kumeza, na lini. Jibu sahihi ni kabla mgonjwa hajapewa chakula, kinywaji au dawa ya kumeza. Kutokohoa si ushahidi kwamba yuko salama. Wapo ambao maji huingia kwenye njia ya hewa bila kikohozi chochote, na dalili pekee ni sauti iliyolowa baada ya kunywa, au homa ya mapafu siku chache baadaye. Kama vinywaji vyake vinapaswa kufanywa vizito, daraja la uzito liandikwe kwa namba. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI unatumia madaraja 0 hadi 7, na vinywaji viko kati ya 0 na 4. "Mzito kiasi" si kipimo. Kila anayeshika kijiko atakuwa na kiasi chake.

Kwa jeraha la uti wa mgongo lililo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, uliza watafanya nini mgonjwa akilalamika ghafla kichwa kinampasuka, uso unatoka jasho, na shinikizo la damu limepanda. Hiyo ni dharura inayoweza kuua. Anayeifahamu atajibu bila kusita: tunamketisha wima mara moja, tunalegeza kila kilichombana, tunaangalia kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa, kisha haja kubwa, huku shinikizo likipimwa kila dakika chache na daktari akiitwa. Akikwambia atampa dawa ya kichwa na kumlaza chali, shukuru na uondoke. Kumlaza kunapandisha shinikizo zaidi.

Kwa aliyekatwa mguu chini ya goti, tazama kama wagonjwa wanawekewa mto chini ya goti. Ni huruma inayodhuru: goti huzoea kukunjika, mishipa yake hukaza, na goti lisilonyooka linafanya mguu bandia usikae sawasawa. Uliza nani hufunga bandeji ya kubana kigutu, mara ngapi kwa siku hufungwa upya, na fundi wa viungo bandia huja kituoni lini.

Kisha kwa kila ugonjwa: wanapimaje maendeleo? Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, hutoa alama 0 hadi 100 kwa mambo 10 kama kula, kuoga, kupanda ngazi na kudhibiti haja. Kipo pia cha FIM, chenye vipengele 18 na alama 18 hadi 126. Kuna mwendo wa mita 10 unaopimwa kwa sekunde. Chochote wanachotumia ni sawa, mradi alama ichukuliwe siku ya kuingia na irudiwe kwa ratiba. Uliza: katika mwaka uliopita mlipokea wangapi wenye tatizo kama hili, wangapi walirudi kwao, wangapi walirudishwa hospitalini? Kituo kisichojua hesabu hizo hakijui kama kinaponya.

Uliza usiku kuna wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi, daktari anapatikana vipi, Jumamosi na Jumapili kuna tiba au hakuna, na anayefanyisha mazoezi ni mtaalamu mwenye leseni au msaidizi. Wasaidizi wazuri wapo na kazi haiendi bila wao, lakini mpango uandikwe na mtaalamu, naye amwone mgonjwa kwa macho yake mara kwa mara.

Fedha

Bei ya siku haikwambii mengi peke yake. Taka orodha iliyoandikwa ya vilivyomo na visivyomo: dawa, pampasi, vifaa vya vidonda, kumwona daktari, tiba ya usemi, usafiri wa kwenda kliniki, kukodi kiti cha magurudumu, msaidizi wa usiku. Kisha piga hesabu hii: jumla ya malipo ya wiki, gawa kwa saa za tiba zinazotolewa kweli. Kituo kinachotoza 100 kwa wiki na kutoa saa 5, kila saa ya tiba inakugharimu 20. Kinachotoza 150 na kutoa saa 15, kila saa ni 10. Cha pili kilionekana ghali.

Kwenye mkataba soma mahali pa amana na marejesho. Mgonjwa akirudishwa hospitalini siku ya nne, fedha za mwezi zinarudi? Kitanda chake kinashikiliwa siku ngapi, na kwa malipo gani? Mkitaka kuhama, mtoe taarifa siku ngapi kabla? Kama bima inahusika, kibali kiwe kwa maandishi, chenye idadi ya siku na tarehe ya kutathminiwa upya, na mjue jina la mtu anayetuma ripoti za maendeleo. Malipo mengi husimama kwa sababu ripoti ilichelewa, mgonjwa hana kosa lolote. Uamuzi wa kukatisha malipo unaweza kukatiwa rufaa, ila muda wa kufanya hivyo huwa mfupi, wakati mwingine wa siku chache. Uulizeni siku ya kwanza.

Gharama isiyoandikwa popote ni ya familia: nauli, kazi zilizoachwa, usingizi, ugomvi wa ndugu juu ya nani ametoa nini. Mteueni mtu mmoja wa kuzungumza na kituo, na mwingine wa kushika hesabu, kabla hamjachoka. Kuhusu umbali, naona hivi: kwa wiki chache, fuateni utaalamu hata kama ni mbali, kwa miezi, ukaribu unashinda, kwa sababu mtu atakayemhudumia nyumbani lazima awepo mara kwa mara kujifunza.

Siku 3 za kwanza kituoni

Mfike naye, mkae. Linganisheni karatasi ya dawa ya hospitali na ile ambayo kituo kimeandika, mstari kwa mstari. Ngozi yake ikaguliwe mbele yenu, mwili mzima, na kama kuna kidonda kipimwe na kupigwa picha yenye tarehe. Hilo linawalinda nyinyi na kituo pia. Apimwe uzito.

Leteni miwani, kifaa cha kusikia na meno ya bandia, vyote vikiwa na jina. Mzee asiyeona vizuri wala kusikia huonekana amechanganyikiwa, na akishaandikwa hivyo, maelekezo ya mazoezi hupunguzwa. Bandikeni karatasi moja juu ya kitanda: anavyopenda kuitwa, mkono anaotumia zaidi, lugha anayoielewa vizuri, alichokuwa akiweza kabla ya kuugua. Hiki cha mwisho ni muhimu. Mtaalamu asiyejua kwamba mtu huyu alikuwa akipanda ngazi ghorofa tatu kila siku atamwekea lengo la kufika mlangoni.

Anzisheni daftari la kila siku: tiba ipi, dakika ngapi, nani aliifanya, mgonjwa alifanya nini. Wiki ikiisha, jumlisheni. Mkiahidiwa saa 15 na daftari likaonyesha 6, mna la kuzungumza na uongozi, bila kulaumiana.

Mgonjwa akisema "sitaki mazoezi," msimwite mvivu. Karibu theluthi moja ya walionusurika kiharusi hupata sonona, na inatibika. Wengine wanakataa kwa sababu ya maumivu; dawa ya maumivu ikitolewa kama nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi, badala ya baada, siku hubadilika. Wengine hawalali usiku. Tafuteni sababu kwanza. Na familia nayo huumia. Kulia garini baada ya kumwacha kituoni hakumaanishi kwamba mmemtupa.

Zipo dalili zisizosubiri kikao: mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua, udhaifu mpya wa uso, mkono au maneno, homa, kuchanganyikiwa kwa ghafla. Hayo ni ya hospitali, saa hiyo hiyo.

Kila wiki ombeni kikao kifupi na timu, alama zikiwa mezani. Wakisema amefikia kikomo, waonyeshe vipimo vya wiki mbili au tatu, na waseme wamejaribu kubadilisha nini. Kwa kiharusi, miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye kasi kubwa, lakini maendeleo huendelea baada ya hapo. Kidonda kipya cha mgandamizo kisichotolewa maelezo, kuanguka mara mbili bila mpango kubadilika, dozi zinazokosekana, au mgonjwa kuogopa kusema mbele ya mhudumu fulani: lolote kati ya hayo linatosha kuanza kutafuta mahali pengine. Tafuteni kwanza, pateni nafasi, ndipo mtoe taarifa ya kuhama.

Maandalizi ya kurudi

Yaanze wiki mbili kabla. Pimeni milango: kiti cha magurudumu kinahitaji uwazi wa kama sentimita 80. Njia ya mteremko mlangoni huhesabiwa 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi 3 za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko ni mita 5 na sentimita 40. Wengi hugundua siku ya kurudi kwamba uwanja hautoshi, wakaweka ubao mkali ambao hakuna anayeweza kumsukuma mgonjwa juu yake. Kama nafasi haipo, mteremko unaweza kukunja kona, kukiwa na sehemu tambarare ya kugeuzia. Ondoeni mikeka inayoteleza, wekeni taa kati ya kitanda na choo, na vyuma vya kushika vifungwe kwenye ukuta wenyewe, si kwenye vigae pekee.

Fimbo ipimwe akiwa amesimama na viatu, mkono umening'inia: kishikio kifike usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Hushikwa upande wa mguu wenye nguvu, jambo ambalo watu wengi hulifanya kinyume.

Atakayemhudumia aje kituoni afanye yeye mwenyewe, mtaalamu akimwangalia: kumhamisha, kumwogesha, kumgeuza, kumlisha kwa usalama, kutunza mpira wa mkojo kama bado upo. Kutazama hakutoshi. Kama kituo kinaruhusu, alale huko usiku mmoja na kufanya kila kitu bila muuguzi kuingilia, ili mnayoyakosa myajue wakati mtu wa kuuliza bado yuko upande wa pili wa ukuta. Mtoke na orodha mpya ya dawa, mazoezi ya nyumbani yaliyochorwa au kurekodiwa kwa simu yenu, alama za mwisho za vipimo, na tarehe ya kliniki ya kwanza ikiwa imeshaandikwa, iwe ndani ya wiki moja au mbili. Na kiti cha magurudumu mtakachoondoka nacho, aketi ndani yake kabla ya siku ya safari: vikanyagio vifike nyayo, mapaja yaegemee kiti, na breki ziwe upande ambao mkono wake wenye nguvu unaweza kuzifikia.